Likizo Niliyomficha Mama: Siku Kumi Kutoka Doha hadi Theluji ya Nagano

Sikuondoka Doha kwa sababu ya theluji. Niliondoka kwa sababu asubuhi moja ya Desemba, wodini, nilisoma jina la mgonjwa kwenye mkanda wa mkononi mwake mara tatu na bado sikulielewa. Lilikuwa jina rahisi tu, Fatma. Herufi nilikuwa naziona, lakini hazikunipeleka popote. Nilirudisha dawa kwenye trei, nikamwita mwenzangu amalizie, kisha nikaingia chumba cha mashuka na kukaa juu ya kikapu. Msimamizi wetu, Mfilipino tuliyemwita Dada Luz, alinikuta humo. Hakunigombeza.

"Wakesho, mara ya mwisho ulipumzika lini?"

"Nilienda nyumbani mwezi wa tatu."

"Sikukuuliza ulienda nyumbani lini," akasema.

Nilikuwa nimefanya kazi ya ukunga Doha miaka tisa. Kila likizo nilirudi Taita, kwa Mama, na kila likizo ilikuwa na shughuli yake. Mwaka mmoja tulimposea mdogo wangu Mwadime. Mwaka mwingine tulimzika Baba. Mwaka mwingine shangazi alilazwa Voi, na kwa kuwa mimi ndiye muuguzi wa ukoo, nililala wiki mbili kwenye kiti kando ya kitanda chake. Si kwamba watu wangu ni wabaya. Wananipenda, nami nawapenda. Ila nilikuwa nashuka kwenye ndege Doha nikiwa nimechoka kuliko nilivyopanda.

Sasa, kulikuwa na mwanamke wa Kijapani aitwaye Michiko, aliyewahi kuishi kule The Pearl, mtaa wa kitajiri wa Doha, na mumewe mhandisi. Miaka minne kabla ya hapo alijifungulia wodini kwetu, mume akiwa kazini kaskazini mwa nchi, na mimi ndiye niliyemshika mkono mchana kutwa hadi binti yake Sora akatoka akilia. Waliporudi kwao, kila mwaka mpya aliniandikia maneno yale yale: wazazi wangu wana nyumba ya wageni milimani, njoo wakati wa theluji, mama yangu anataka kumwona mtu aliyempokea mjukuu wake. Nami kila mwaka nilimjibu asante sana, siku moja, kama tunavyojibu wote. Jioni ya siku ile ya mashuka nilimwandikia: "Nije lini?"

Tatizo lilikuwa Mama. Nilimpigia Jumapili akitoka kanisani.

"Mama, mwaka huu hawajanipa likizo."

"Wamekunyima?" Sauti yake ilishuka. "Mwaka mzima? Hao watu wana moyo gani?"

"Ni kazi, Mama. Tuko wachache."

"Pole, mwanangu. Basi tutaomba."

Nikasema amina. Ndivyo nilivyomdanganya, kwa urahisi hivyo, na nilipokata simu nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Aibu ilikuja baadaye, njiani.

Aidah, Mganda niliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Najma, ndiye pekee aliyejua. Alikuwa mlinzi kwenye duka kubwa, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kuamsha jengo zima. Nilimweleza kwamba wenyeji wangu wangenifundisha kuteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni.

"Banange! Unapanda ndege uende kuanguka? Si uanguke hapa hapa kwa ngazi?"

Lakini ni yeye aliyeniazimia jaketi nene kutoka kwa mlinzi mwenzake Mnepali, na ni yeye aliyekaa nami tukikusanya barua za viza: barua ya mwaliko, barua ya kazini, kibali cha kutoka nchini. Siku karatasi zote zilipotimia alizipanga kitandani akaziangalia. "Kumbe kupumzika pia ni kazi," akasema.

Jumanne jioni niliondoka Doha. Nje ya uwanja wa ndege hewa ilikuwa ya Januari, ile ambayo wenyeji huvalia makoti na sisi tunafungulia madirisha. Nilipata kiti cha dirishani. Nililala kabla chakula hakijaletwa, nikaamka tunashuka, na chini yangu kulikuwa na mashamba ya kijivu yaliyokatwa mraba mraba kama kitambaa cha mshonaji makini.

Jumatano karibu saa sita mchana nilikuwa Tokyo. Michiko alinipokea langoni. Niliponyoosha mikono nimkumbatie, yeye aliinama. Nilipoinama, yeye alikuwa amenyoosha mikono. Tulicheka hadi mizigo ikatuangukia.

Tulikaa siku mbili kwenye nyumba yao, ghorofa ya sita, vyumba viwili vidogo ambamo kila kitu kilikuwa na mahali pake na hakuna mahali palipobaki bure. Nilijifunza kuvua viatu mlangoni na kuvielekeza nje, kuvaa slipa, kisha kuvua slipa hizo na kuvaa nyingine za chooni tu. Mara mbili nilisahau nikatoka na slipa za chooni hadi sebuleni. Sora, binti niliyempokea, aliniangalia miguu akafumba macho kwa mkono, akiona haya kwa niaba yangu.

Kilichonishangaza zaidi Tokyo ni usingizi. Kwenye treni watu walilala. Walilala wamekaa, walilala wamesimama, vijana kwa wazee, mikoba mapajani, na kituo chao kilipofika walifumbua macho wakashuka kana kwamba kuna mtu amewagusa. Hakuna aliyeongea kwa simu. Nilimuuliza Michiko kama watu hawa ni wagonjwa.

"Ni watu wa kazi," alisema. "Mume wangu hutoka alfajiri, hurudi Sora amelala. Wiki hii ameomba siku tatu aje nasi milimani. Amepewa moja."

Niliitambua nchi hiyo mara moja. Ni ukubwa wake tu uliokuwa mgeni kwangu.

Ijumaa asubuhi tulipanda treni ya kasi kuelekea Nagano. Mume wa Michiko alibaki. Angekuja Jumapili kwa siku yake moja. Tulikula wali baridi na samaki kutoka kwenye masanduku madogo ya mbao, na nilipoinua macho nikaona paa la nyumba moja lina weupe, kisha mapaa matatu, kisha hakuna paa lisilo nao. Kituoni tulichukua basi lililopanda saa nzima kati ya kuta za theluji zilizokatwa wima kando ya barabara, zinazofika juu ya dirisha. Nilimwomba dereva kwa ishara, tuliposimama kushusha abiria, nishuke nishike. Alikubali. Nilivua glavu nikachukua theluji kiganjani. Ilikuwa nyepesi kama unga wa muhogo, na ilitoweka kabla sijaamua naifanyia nini.

Saa tisa alasiri tulifika kijijini. Wazazi wa Michiko walikuwa wamesimama mlangoni wakitusubiri, na theluji imewatua mabegani, maana yake walisimama muda. Baba Ishida alikuwa mtu mwembamba wa miaka sabini na kitu, aliyeendesha lifti za mlimani maisha yake yote ya kazi. Mama Ishida alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye aproni ambayo sikuwahi kumwona bila nayo. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaiangalia. Akasema kitu.

"Anasema hii ndiyo mikono ya kwanza iliyomshika Sora," Michiko alinitafsiria. "Anasema yeye alipaswa kuwa pale, hakuwepo. Asante."

Niliinama. Wodini hatungoji shukrani, kuna anayefuata.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba saba vya wageni. Tulilala kwenye magodoro ya kukunja juu ya mikeka minene yenye harufu ya majani makavu. Sebuleni kulikuwa na meza fupi yenye kipasha joto chini yake na mfarishi mkubwa uliofunika pande zote. Mnaingiza miguu humo, mnavuta mfarishi hadi kiunoni, mnamenya machenza, na mwili unasahau kabisa kusimama. Bafuni, kabla ya kuingia kwenye beseni la mbao la maji ya moto, unajisugua kwanza pembeni hadi utakate, kwa sababu maji yale ni ya wote. Mtu huingia akiwa safi, ili apumzike tu. Nilikaa humo maji yakinifika shingoni, dirisha dogo wazi, chembe za theluji zikiingia na kuyeyukia usoni mwangu, na nikaanza kulia bila sababu ninayoijua. Nilitoka nikiwa laini kama mtu aliyepikwa.

Jumamosi asubuhi niliamka saa kumi na moja na nusu, kama kazini. Nilimkuta Mama Ishida jikoni, nikachukua sifongo nikaanza kuosha sufuria. Akaninyang'anya, akitabasamu. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa vikombe. Akakinyang'anya pia. Nikakunja mikono, nikakaa, na nilipoona kapu la viazi nikatafuta kisu. Hapo alimwita Michiko kwa sauti.

"Mama anasema tafadhali," Michiko alisema, nywele hazijachanwa. "Mgeni akiosha vyombo, majirani watasema nyumba hii imemshinda yeye mwenyewe."

"Mwambie siwezi kukaa tu."

Michiko alimwambia. Mama Ishida alifungua mlango wa nyuma na kunikabidhi beleshi. Kuondoa theluji mlangoni, ilionekana, hakuhesabiwi kuwa kazi ya ndani. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nje na Baba Ishida, yeye upande wa kushoto wa njia, mimi kulia, bila neno, tukitupa theluji ambayo ingerudi kesho yake.

Saa nne walifika wageni wengine: wanawake watano kutoka Nagoya, wastaafu wa kiwanda kimoja cha viti vya magari. Walikuwa wanakuja hapo kila Januari, siku tatu, tangu ujana wao. Kiongozi wao, Tomoko, alibandika ratiba ukutani: saa ngapi sukii, kama wenyewe wanavyouita mchezo huo, saa ngapi tambi za moto, saa ngapi kuoga, saa ngapi usingizi. Starehe yao ilipangwa kama zamu za wodi. Mmoja wao, nyonga ilikuwa mbovu na hakuweza tena kuteleza. Alikuja hivyo hivyo. Alikaa mkahawani chini ya mlima akifuma, na kila mwenzake aliposhuka alinyanyua sindano zake juu kumpongeza.

Somo langu la kwanza, Baba Ishida alinifunga mbao zile ndefu miguuni, akanisimamisha kwenye kitelemko cha watoto na kusema neno moja. Michiko alicheka.

"Anasema, anguka."

"Nianguke?"

"Anguka kwanza. Kwa ubavu. Ukishajua kuanguka hutaogopa."

Nikaanguka kwa ubavu. Akanionyesha namna ya kuinuka. Nikaanguka tena. Saa nzima ya kwanza nilifundishwa hilo tu. Kisha akaunganisha ncha za vidole vyake kama paa la nyumba: hivyo ndivyo mbao zikae, mbele zikaribiane, nyuma zipanuke, upate kusimama. Sikusimama. Nilipita kati ya watoto wa chekechea waliopangwa kwa rangi za kofia, nikaingia kwenye wavu wa rangi ya machungwa mwisho wa uwanja, na mwalimu wao akawafanya wote waniinamie kunisalimu.

Lifti ya viti ilikuwa jambo jingine. Kiti hakisimami, kinakuja nyuma yako, unakaa, kinakupeleka. Kushuka kwenye kiti kule juu ndiyo balaa. Mara tatu nilianguka mbele ya kiti, na mara tatu lifti nzima ilizimwa, watu wakining'inia hewani kuanzia juu hadi chini ya mlima kwa ajili ya Mtaita mmoja aliyelala kifudifudi. Hakuna aliyepiga kelele. Mtu wa lifti alinisaidia kuinuka, akainama kuomba radhi. Mimi nami nikainama kuomba radhi. Nikaanguka tena.

Jumapili mume wa Michiko alikuja, akalala chini ya mfarishi wa meza tangu alipofika hadi jioni, akaondoka. Hakuna aliyemwamsha. Sora alikaa kando yake akichora.

Jumatatu alasiri, katikati ya kitelemko, mwili wangu ulielewa. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Uzito ukahamia mguu wa kulia nikaenda kushoto, ukahamia kushoto nikaenda kulia, na theluji ikatoa sauti ya kitambaa kinachokatwa. Nilishuka kutoka juu hadi chini bila kuanguka. Upepo uliingia mdomoni kwa sababu nilikuwa nacheka. Kwa dakika hizo chache sikuwa mkunga, wala dada mkubwa, wala namba ya kupigiwa mtu anapougua. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba anayeshuka mlima. Chini, wanawake wa Nagoya walipiga makofi, na yule wa nyonga alinyanyua sindano zake. Michiko alipiga picha: jaketi la Mnepali limefunguka, mikono juu, meno yote nje.

Picha hiyo aliiweka Facebook, na jina langu juu yake. Hakujua. Sikuwa nimemwambia.

Saa kumi jioni, kule kwetu saa nne asubuhi, simu ililia nikiwa navua viatu. Alikuwa Mwadime.

"Wakesho, uko wapi saa hii?"

"Niko... niko kazini."

"Kazi gani iko na theluji? We dada, usinichezee."

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

"Unajua kina mama wa kanisa wamefunga?" akasema.

"Wamefunga nini?"

"Wamefunga kula! Tangu juzi. Mama aliwaambia umenyimwa likizo, wakasema hao waajiri ni kama Farao, wacha tufunge siku tatu moyo wake ulainike. Wazee wengine wana sukari, Wakesho. Mamake Mkamburi alizimia jana."

"Mungu wangu. Mama ameona picha?"

"Ameonyeshwa. Mke wa mchungaji amemletea simu mpaka jikoni."

"Akasemaje?"

"Aliweka sufuria chini, akaingia ndani. Na mamake Mkamburi yuko sawa, alipewa chai. Lakini wewe..." Nilisikia akipumua. "Ungetuambia tu, dada."

Nilimpigia Mama papo hapo. Haikupokewa. Nikapiga tena baada ya saa moja, na tena baada ya chakula. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikiomba msamaha. Alama mbili za buluu zikatokea. Alisikia. Hakujibu.

Jumanne sikwenda mlimani. Wanawake wa Nagoya walikuwa wameondoka, nyumba ilikuwa kimya. Nilitoa theluji mlangoni, nikaendelea hadi barabarani, nikaendelea hadi kwa jirani, hadi Baba Ishida akaja akalishika beleshi langu na kunirudisha ndani.

Jioni hiyo, miguu yetu yote ikiwa chini ya mfarishi, Mama Ishida aliniuliza kama chakula chao kimenidhuru. Basi nikawaeleza. Niliwaeleza kila kitu, likizo zote, uongo, kufunga, mamake Mkamburi, na Michiko akatafsiri sentensi kwa sentensi, huku uso wake ukibadilika alipofika kwenye picha. Alitaka kuanza kuomba radhi. Nilimzuia. Kosa halikuwa lake.

Mama Ishida alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kuongea polepole, macho kwenye chenza lake.

"Mama anasema," Michiko alianza, "nyumba hii haifungwi. Majira ya baridi wageni wa theluji, kiangazi wageni wa kupanda milima. Anasema miaka arobaini na moja ameamka kabla ya kila mtu. Anasema..." Akamgeukia mama yake, akamuuliza kitu kwa Kijapani, akajibiwa. "Anasema kila Juni humwambia Baba anakwenda Matsumoto kumwona binamu yake mgonjwa. Na hajawahi kwenda kwa binamu. Hupanda treni hadi baharini. Hukaa ufukoni mchana kutwa akila aiskrimu. Jioni hurudi." Michiko alikuwa ameacha kabisa kunitazama. "Mama, kweli? Kila mwaka?"

Mama Ishida aliinamisha kichwa kukubali, uso umemwiva.

Upande wa pili wa meza Baba Ishida, aliyekuwa akimenya chenza, aliendelea kumenya. Akatoa utando mweupe wote, uzi mmoja mmoja, kama kawaida yake. Akasema maneno mawili.

"Anasema, najua," Michiko alisema kwa sauti ndogo.

Baba Ishida akaongeza kitu, na safari hii Michiko aliziba mdomo kabla ya kunitafsiria. "Anasema binamu alipiga simu mara moja, miaka kumi na tano iliyopita, siku hiyo hiyo Mama alipokuwa eti kwake. Alikuwa mzima kabisa."

Mama Ishida alimtazama mumewe, akamuuliza swali fupi.

"Mama anauliza, kwa nini hukusema?"

Baba Ishida aliligawa chenza lake mara mbili, akamsogezea nusu. Jibu lake Michiko alilitafsiri taratibu: "Nilifikiri ukijua kwamba najua, hutakwenda tena."

Mama Ishida aliinuka ghafla akaenda jikoni, na tukasikia maji yakifunguliwa kwa nguvu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikula nusu yake ya chenza yote. Kabla ya kulala alinisimamisha kwenye ngazi, akaniambia kitu kirefu, na Michiko akakifupisha: "Anasema bahari ilikuwa nzuri, lakini aiskrimu haikuwahi kuwa tamu hadi mwisho. Kila mara alikuwa anatazama saa."

Jumatano asubuhi niliagana nao. Mama Ishida alinifungashia machenza na mboga za chumvi, akazifunga mara tatu zisinuke ndani ya ndege. Walisimama mlangoni wakipunga mkono hadi basi letu lilipokata kona. Niligeuka mara nne, na mara zote nne walikuwa bado wanapunga. Tokyo, uwanjani, Michiko aliniahidi angefuta picha. Nilimwambia aiache. Ilikuwa picha ya kweli.

Alhamisi nilikuwa Doha. Aidah alinikagua mikono na miguu kutafuta palipovunjika, akala machenza manne, akasikiliza habari za Mama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka. "Huyo atapiga," alisema. "Akinyamaza hivi, anatafuta maneno."

Ijumaa, siku ya mapumziko ya Doha, tulikwenda ibada Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa, kama kawaida. Saa tano tulikuwa nje, kwenye mstari wa basi, Wakenya, Waganda, Wahindi na Wafilipino wote katika nguo zao nzuri, jua jepesi la Januari juu yetu, simu ilipolia. Nilitoka kwenye mstari.

"Wakesho."

"Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Nilisikia kuku nyuma yake. "Uliumia?"

"Hapana, Mama."

"Mwadime anasema watu huvunjika miguu."

"Nilianguka sana. Sikuumia."

"Na hao wenyeji walikuchukua vizuri?"

"Vizuri sana."

Akavuta pumzi. "Kina mama niliwaambia wale. Niliwaambia, mlikuwa mnaomba apewe likizo, amepewa, fungueni. Mke wa mchungaji akasema, lakini si likizo ya namna hii tuliyoombea. Nikamwambia, kwenye maombi hatukutaja namna."

Nilicheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko. Yeye hakucheka.

"Lakini ulinidanganya. Hilo bado liko moyoni, sijalimaliza."

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia umechoka?"

Nilifikiri kumpa jibu zuri. Nikampa la kweli. "Niliogopa utasema hata wewe umechoka."

Basi lilifika. Aidah alinipungia niharakishe, nikamwashiria waende.

"Ningesema hivyo," Mama alisema hatimaye. "Na ni kweli. Juzi nilikaa jikoni na ile picha, nikajaribu kukumbuka. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kwenda mahali ambapo hakuna aliyekufa, aliyeoa wala aliyelazwa. Hata Mombasa nimefika mara nne, mara zote hospitali. Nikakasirika. Nikadhani nimekukasirikia wewe. Siku nzima ikapita ndipo nikajua ni wivu."

Wasomaji wa nyumbani wataniuliza nilichojifunza huko kwenye theluji. Najua kuanguka kwa ubavu. Najua kuvua slipa za chooni. Na najua kwamba pumziko la kuibia halimpumzishi mtu, hata likiwa zuri namna gani, kwa sababu nusu ya nguvu zake zinatumika kulificha. Sikumwonea huruma Mama Ishida kwa kwenda baharini. Nilimwonea huruma kwa miaka yote ile ya kutazama saa, na mumewe kwa miaka yote ya kujifanya hajui.

Mwaka uliofuata sikudanganya mtu. Nilimwandikia Mwadime na shangazi zangu wote kwamba likizo yangu ni wiki tatu: mbili nitakuwa nyumbani kwa lolote litakalokuwapo, na moja nitasafiri na Mama, na wiki hiyo simu zetu zitazimwa. Shangazi mmoja aliuliza, je, mtu akifa? Nikamjibu tutamkuta.

Nilimwambia Mama achague mji wowote anaotaka. Nilidhani atasema bahari. Alifikiri siku tatu, kisha akanipigia kusema amechagua Nanyuki.

"Nanyuki? Kuna nini Nanyuki, Mama?"

"Hatujui mtu hata mmoja huko," akasema.